Kasha na Keshi: Historia Fupi ya Msamiati wa Biashara wa Kiingereza na Kireno

Utangulizi

Mwezi Julai 2004, mjini Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Walimu wengi wa Kiswahili tunalikumbuka tukio hilo kwa fahari. Lakini ni vyema ikumbukwe pia kwamba msemaji yule alitoka katika nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kireno. Nchi hiyo imezungukwa na majirani ambao wote wanatumia Kiingereza katika shughuli za serikali na biashara, na mwaka 1995 ilijiunga na Jumuiya ya Madola bila kuwa imetawaliwa na Waingereza. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) nayo iliingiza Kiswahili katika lugha zake, kando ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Maana yake kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda ni kwamba mfasiri wa Kiswahili wa leo anaweza kukalishwa katikati ya mkataba wa Kiingereza na nakala yake ya Kireno, akatakiwa aseme yaliyomo. Vitabu vidogo vya msamiati wa biashara humsaidia kwa kumpangia maneno mawili mawili: hili la Kiingereza, hili mwenzake la Kireno. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jozi hizo hazitoshi. Maneno ya biashara yana historia, na nyuma ya kila neno kuna taasisi, sheria na mazoea ya watu. Asiyejua historia hiyo anaweza kuweka neno sahihi la kamusi mahali ambapo si lake, na hasara ikawa ya fedha halisi.

Chimbuko moja, sura mbili

Tuanze na yale yanayofanana. Msomaji akitazama maneno ya Kiingereza 'bank', 'credit', 'risk', 'capital' na ya Kireno 'banco', 'crédito', 'risco', 'capital', ataona mara moja kwamba ni ndugu. Mengi ya maneno haya yalienezwa Ulaya na wafanyabiashara wa miji ya Italia katika karne za kati, nao waliyatoa katika mazungumzo ya kila siku. 'Banco' lilikuwa benchi au meza ambayo mvunja fedha aliwekea sarafu zake. Mtu aliyeshindwa kulipa alisemwa kuwa benchi lake limevunjika, na ndiko lilikotoka 'bankrupt' la Kiingereza na 'bancarrota' la Kireno. Sisi tunasema mtu amefilisika, neno la asili ya Kiarabu linalotokana na sarafu ndogo za shaba, yaani fulusi. Wazungu walitazama benchi, Waarabu walitazama sarafu iliyobaki mkononi, lakini msiba ni ule ule.

Neno 'capital' linafundisha zaidi. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Kwa Kiarabu 'ras al-mal' ni kichwa cha mali, na kutoka hapo Kiswahili kimepata 'rasilimali'. Hivyo Kiingereza, Kireno na Kiswahili vyote vilitumia picha moja: fedha ya kuanzia ndiyo kichwa, na faida ni mwili unaoota. Hata hivyo, maana imehama. Katika Kiswahili cha leo 'mtaji' ndilo neno la fedha ya kuanzia biashara, na 'rasilimali' limepanuka hata kutaja maji, misitu na watu. Mfasiri anayekutana na 'capital' katika mizania hawezi kuandika 'rasilimali' kwa sababu tu asili zake zinafanana.

Kireno kina hazina nyingine ambayo Kiingereza hakina kwa wingi huo. Ureno ilitawaliwa na Waislamu kwa karne kadhaa, na maneno mengi ya soko na bandari yakabaki. Forodha huitwa 'alfândega', kutokana na neno la Kiarabu la nyumba ya wageni ambamo wafanyabiashara walilala na kuweka shehena. Ghala huitwa 'armazém', lenye mzizi mmoja na neno letu 'hazina'. Neno 'tarifa' la Kireno na 'tariff' la Kiingereza yametoka katika neno la Kiarabu la kujulisha, ndilo hilo hilo lililotupa 'taarifa'. Orodha ya ushuru iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa tangazo la kumjulisha mfanyabiashara anachodaiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili akionyeshwa jambo hili, Kireno hakimtishi tena.

Feitoria haikuwa kiwanda

Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa na kujenga ngome Sofala. Katika vituo hivyo walimweka wakala wa mfalme aliyeitwa 'feitor', na kituo chake kiliitwa 'feitoria'. Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu na pembe, kuuza nguo, kuweka hesabu na kulinda ghala. Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilipopata kituo chake Surat, India, mwaka 1613, nayo ilikiita 'factory', na wakala wake 'factor'. Hakuna kilichotengenezwa humo. Ilikuwa nyumba ya biashara yenye ghala na vitabu vya hesabu.

Baadaye, Mapinduzi ya Viwanda yalipoanza Uingereza katika karne ya 18, neno 'factory' lilihamia kwenye jengo lenye mashine na vibarua. Kireno hakikufuata. Kwa Kireno kiwanda ni 'fábrica'. Na neno la Kiingereza linalofanana nalo, 'fabric', ni kitambaa. Hapa tuna mtego uliokamilika: 'factory' si 'feitoria' tena, na 'fábrica' si 'fabric'. Kibaya zaidi, mwanafunzi anayesoma hati ya karne ya 17 iliyoandikwa kwa Kiingereza akaandika kwamba Waingereza walikuwa na 'kiwanda' Surat mwaka 1613, atakuwa ameihamisha historia kwa miaka zaidi ya mia. Wanafunzi wetu wa historia na wa tafsiri wote wanahitaji onyo hili.

Mvinyo, nguo na shule ya biashara

Uhusiano wa kibiashara wa Uingereza na Ureno ni wa kale. Mwaka 1703 nchi hizo zilitia saini mkataba unaojulikana kwa jina la Methuen. Nguo za sufu za Kiingereza ziliingia Ureno, na mvinyo wa Kireno ukaingia Uingereza kwa ushuru nafuu kuliko ule wa Ufaransa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walijikita katika mji wa Porto, wakajenga huko jumba lao mwishoni mwa karne ya 18. Wareno wanaliita 'Feitoria Inglesa', na humo maana ya zamani ya neno imehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1817 mwanauchumi David Ricardo alitumia mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno kueleza faida ya kila nchi kushika kazi inayoiweza vizuri zaidi. Kila mwanafunzi wa uchumi hukutana na mfano huo, ingawa si wote huelezwa kwamba ulitokana na biashara iliyokuwepo kweli.

Neno letu 'mvinyo' lenyewe limetokana na 'vinho' la Kireno. Lilifika pwani yetu pamoja na pipa, si pamoja na mkataba.

Mtu muhimu katika historia ya msamiati huu ni Sebastião José de Carvalho e Melo, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Marquês de Pombal. Kabla ya kuwa waziri mwenye nguvu Lisbon, alikuwa mjumbe wa Ureno mjini London tangu mwishoni mwa miaka ya 1730, na huko aliona jinsi Waingereza walivyofaidika na biashara ya nchi yake kuliko wenyeji. Mwaka 1756 alianzisha kampuni ya kusimamia mvinyo wa bonde la Douro. Mwaka 1759 ilifunguliwa Lisbon shule ya serikali iliyoitwa 'Aula do Comércio', ambako vijana walifundishwa hesabu, vipimo, ubadilishaji wa fedha na uandishi wa vitabu vya hesabu kwa njia ya maingizo mawili. Somo tunalolipata hapo ni kwamba Ureno ilitambua kuwa nchi isiyo na watu waliofunzwa lugha ya hesabu itabaki kupima na kubeba tu, huku wengine wakiandika.

Katika vitabu hivyo vya hesabu ndimo tunamopata tofauti ambazo kamusi fupi huzificha. Neno la Kiingereza 'balance' linafanya kazi mbili. Fedha iliyobaki katika akaunti ni 'balance', na hati inayoonyesha mali na madeni ya kampuni nayo hutajwa kwa neno hilo. Kireno kinatenganisha: kiasi kilichobaki ni 'saldo', na hati ni 'balanço'. Kiswahili nacho kinatenganisha kwa uzuri: 'salio' na 'mizania'. Tena 'mizania' inatokana na mizani, na 'balance' inatokana na Kilatini cha mizani yenye sahani mbili. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili akifuata Kireno atapata njia iliyonyooka kuliko akifuata Kiingereza. Haya ni mambo ambayo mwalimu anaweza kuyaonyesha ubaoni kwa dakika tano.

Neno 'companhia' kusini mwa Ruvuma

Kiingereza husema 'company', nasi tunasema 'kampuni'. Kireno kina 'companhia', na mwanafunzi mwenye haraka huona kazi imekwisha. Haijaisha.

Mwaka 1890 Uingereza iliilazimisha Ureno kuacha madai yake ya ardhi iliyo kati ya Angola na Msumbiji. Ureno haikuwa na fedha za kuitawala hata ile iliyobaki, basi ikakodisha sehemu kubwa za Msumbiji kwa makampuni yenye hati ya mfalme, ambayo yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa na mitaji ya kigeni, ukiwemo wa Kiingereza. 'Companhia de Moçambique' ilipewa hati mwaka 1891 na kutawala Manica na Sofala hadi 1942. 'Companhia do Niassa', iliyopewa hati mwaka huo huo, ilitawala kaskazini, katika Cabo Delgado na Niassa, hadi 1929. Makampuni haya hayakuuza na kununua tu. Yalitoza kodi ya vibanda, yaliwakusanya watu kwa kazi ya lazima, na yalikuwa na askari. Mmakonde aliyevuka Ruvuma kwenda Tanganyika kukimbia kodi na kazi hiyo alikuwa anaikimbia 'companhia'. Kwake neno hilo lilikuwa na maana ya serikali, tena serikali kali.

Mjini Beira, makao ya 'Companhia de Moçambique', biashara ilitegemea bandari na reli ya kwenda Rhodesia ya Waingereza. Mwaka 1919 Benki ya Beira ilitoa noti zenye maandishi ya Kireno, lakini thamani yake ilitajwa kwa 'libra', yaani pauni. Noti moja ilikuwa na lugha ya mtawala na fedha ya mwenye mtaji. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi lugha hizi mbili zilivyokutana katika biashara ya kusini mwa Afrika.

Leo sheria ya biashara ya nchi zinazotumia Kireno hutumia zaidi neno 'sociedade' kwa kampuni. Kuna 'sociedade por quotas', ambayo jina lake huishia kwa kifupi 'Lda', na kuna 'sociedade anónima', yaani 'S.A.', ambayo mtaji wake umegawanywa katika hisa. Neno kwa neno, hii ya pili ni shirika lisilo na jina, kwa kuwa halikutambulishwa kwa majina ya wenye hisa. Akitokea mfasiri akasoma 'sociedade' na kukumbuka 'society' la Kiingereza, ataandika 'chama' au 'jamii', na mkataba wa kampuni utaonekana kama wa chama cha ushirika. Msumbiji iliendelea kutumia sheria ya biashara ya Kireno ya mwaka 1888 kwa muda mrefu baada ya uhuru wa 1975. Sheria mpya ilitolewa mwaka 2005, na nyingine mwaka 2022. Mfasiri anayeshika hati ya Msumbiji hana budi kuangalia tarehe yake kabla ya kufungua kamusi.

Mitego ya kila siku

Tumekusanya hapa maneno machache yanayowapoteza wanafunzi. 'Prejuízo' la Kireno linafanana na neno la Kiingereza la chuki isiyo na msingi, lakini katika hesabu ni hasara. 'Compromisso' ni ahadi au wajibu uliokubaliwa, wala si maafikiano ya kila upande kupunguza madai yake. 'Pretender' ni kukusudia, si kujifanya. 'Propina' nchini Ureno na Msumbiji ni ada ya masomo, lakini nchini Brazil ni hongo. Mwanafunzi anayeandika barua ya kuulizia 'propina' na aangalie anaituma wapi.

Mtego mkubwa zaidi umo katika tarakimu. Kwa mazoea ya Kireno, nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali. Ankara yenye '2.500' inadai elfu mbili na mia tano. Msomaji aliyezoea Kiingereza anaweza kuona mbili na nusu. Aidha, Uingereza ilikuwa na 'billion' ya zamani iliyokuwa milioni mara milioni, lakini mwaka 1974 serikali yake ilikubali rasmi kutumia ile ya Marekani, yaani milioni elfu moja. Ureno haikufuata. Huko 'bilião' bado ni milioni mara milioni, na kile tunachokiita bilioni husemwa 'mil milhões'. Brazil inasema 'bilhão' kwa maana ya bilioni yetu. Herufi chache zinatenga kiasi kimoja na kingine mara elfu moja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wahasibu. Tunawakumbusha yaliyoipata Msumbiji. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba katika miaka ya 2013 na 2014 makampuni ya umma yalikuwa yamekopeshwa karibu dola bilioni 2 kwa dhamana za serikali ambazo bunge halikuziidhinisha. Dhamana hizo zilifuata sheria ya Kiingereza, na kesi ikasikilizwa London hadi hukumu ya mwaka 2024. Chanzo cha balaa hilo kilikuwa ufisadi, si tafsiri mbaya. Lakini mwananchi wa Maputo aliyetaka kujua nchi yake imefungwa na nini, ilimbidi atafute jibu katika hati za lugha ya wengine. Kiingereza husema 'guarantee'. Kireno kina 'garantia', 'aval' na 'fiança', na kila moja lina mahali pake kisheria. Sisi tuna 'dhamana' kwa yote. Je, tuko tayari kuyatenganisha siku mkataba wa namna hiyo utakapotakiwa kusomwa kwa Kiswahili?

Kasha na keshi

Tumalizie na maneno yaliyotupa jina la makala haya. 'Caixa' la Kireno ni sanduku. Ni pia mahali pa kulipia dukani, mtu anayepokea fedha, na fedha taslimu zilizomo katika vitabu vya hesabu. Neno la Kiingereza 'cash', lililopitia Kifaransa au Kiitaliano, nalo lilianza kwa maana ya sanduku la fedha, kisha sanduku likasahaulika na fedha zikabaki. Yote mawili yana asili moja ya Kilatini.

Kiswahili kilichukua 'caixa' kutoka kwa mabaharia na kupata 'kasha': sanduku imara la mbao. Karne kadhaa baadaye kikachukua 'cash' kutoka kwa makarani wa Kiingereza na kupata 'keshi'. Ndugu wawili wamefika nyumba moja kwa majahazi tofauti, na hawajuani.

Kwa maoni yetu, jozi hii inaeleza vipindi viwili vya historia. Mreno alipofika pwani, biashara ilikuwa na lugha yake tayari: bei, faida, hasara, deni, wakala, mnada. Hakuwa na la kuifundisha. Alituachia majina ya vitu: meza, kasha, leso, bendera, karata, mvinyo. Baadhi ya vitu hivyo vilipanda bara na majina yake, na Waganda leo wanasema 'emmeeza' na 'leesu' bila kumkumbuka Mreno. Mwingereza alikuja na benki, mahakama na ofisi ya kodi, akatuachia maneno ya karatasi: cheki, risiti, hisa tukazitaja kwa Kiswahili lakini sheria yake ikawa ya Kiingereza. Kukopa jina la kitu ni rahisi, maana kitu kinaonekana. Kukopa jina la utaratibu ni kukopa na utaratibu wenyewe.

Hitimisho

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba msamiati wa biashara ufundishwe kwa maswali matatu kabla ya kuandika jozi yoyote. Kwanza, neno hili linataja kitu, mtu, hati au wajibu? Pili, linatumika chini ya sheria ya nchi gani, na ya mwaka gani? Tatu, Kiswahili kina neno moja au zaidi kwa maana hiyo, na lipi linalotumiwa na watu wa kazi yenyewe?

Kwa wanafunzi, tunawaomba waanze na zoezi dogo. Wachukue ankara moja ya Kiingereza na moja ya Kireno, waziandike upya kwa Kiswahili, tarakimu pamoja na maneno, kisha wabadilishane na kukaguana. Atakayegundua kwamba mwenzake amemdai mteja mara elfu moja ya deni lake, hataisahau tena nukta ya Kireno.